Kabla hujaandika "haiingii maji", uliza ni maji gani

Leo sina mbinu ya kuongeza wateja. Nina neno moja tu ambalo wengi tunaliandika kwenye posti bila kufikiri, na mimi limenila pesa na usingizi.

Niko Bendera, wilaya ya Same, huku bondeni chini ya milima ya Upare. Bahari hatuna. Nauza redio na spika kupitia WhatsApp na Facebook. Mzigo unatoka Kariakoo, naupiga picha, naposti, mteja analipa, naweka kwenye basi. Wateja wangu wengi ni bodaboda na wenye bajaji.

Mwaka juzi mteja mmoja wa Bwawa la Nyumba ya Mungu alichukua seti: redio ya volti 12, amplifaya ndogo na spika mbili. Akafunga kwenye boti yake yenye paa la turubai. Mpaka leo inapiga. Akanitumia video, nami nikaiposti na maneno haya: "Spika za boti, haziingii maji kabisa!"

Oda zikaanza. Moja ikatoka Pangani, kwa kaka anayepeleka wageni kisiwa cha Maziwe. Seti ile ile, 260,000. Faida yangu 45,000. Nilifurahi siku nzima.

Baada ya miezi minne akanipigia. "Dada, spika zimekufa. Na juzi tumekwama majini na wageni, injini haikuwaka." Muziki ulikuwa umemaliza betri, na betri ilikuwa hiyo hiyo moja ya kuwashia injini. Wakavutwa na boti ya wavuvi. Siku ile bahari ilikuwa shwari. Ingechafuka, sijui leo ningekuwa naandika nini hapa.

Picha alizonituma zilinifundisha kuliko video zote nilizowahi kuangalia. Karatasi ya spika imelainika. Skrubu zimejaa kutu. Waya ukiuchuna, ndani ni kijani. Seti ilikuwa ile ile ya Nyumba ya Mungu. Maji ndiyo yalikuwa tofauti. Bwawa ni maji baridi, Pangani ni chumvi. Na chumvi haisubiri wimbi. Inakuja na upepo, inatua kwenye waya, inavuta unyevu usiku kucha.

Sasa, msimamo wangu ni huu: "haiingii maji" ni ahadi, siyo pambo la tangazo. Kama huwezi kusema ni maji gani na kwa kipimo gani, usiliandike.

Kipimo kipo. Angalia kwenye boksi alama ya IP. Tarakimu ya mwisho ndiyo ya maji: 4 ni matone ya kurushiwa, 5 na 6 ni maji ya kupigwa kwa bomba, 7 ni kuzama hadi mita moja kwa dakika 30. Lakini wengi hatujui kwamba kipimo hicho hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, na hakisemi lolote kuhusu jua. Spika iliyotengenezwa kwa ajili ya bahari huwa na maelezo ya ziada kwamba imepimwa kwa ukungu wa chumvi na kwa mwanga mkali wa jua. Kama boksi halisemi, na wewe usiseme.

Na spika nzuri peke yake haitoshi. Siku hizi mtu wa boti nikimuuzia, namwandikia haya:

1. Betri ya muziki iwe yake peke yake. Seti inayokula ampea 5 kwa saa 6 imekula 30. Kwa betri ya 70 hiyo ni karibu nusu. Na injini nyingi ndogo za kuvuta kamba hazichaji betri kabisa.

2. Fyuzi ikae karibu na betri, siyo karibu na redio. Waya ukichunika katikati, fyuzi ya mbali haikuokoi na moto.

3. Waya ziwe za shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu kwenye chumvi inaoza ndani kwa ndani, huku nje ganda linang'aa.

4. Silikoni inayonuka siki usiiweke karibu na viungo vya waya. Asidi yake inakula shaba. Tafuta isiyo na harufu hiyo.

5. Spika ikae mbali na dira. Sumaku yake inaivuta sindano, nahodha anafuata njia isiyo yake.

6. Jioni pangusa spika kwa kitambaa chenye maji baridi, kisha zifunike.

Najua kuna watakaoniambia, "Dada, ukiuliza maswali mengi mteja anakimbia." Kweli, wengine wanakimbia. Mwezi uliopita mmoja wa Tanga alikimbia nilipomwambia seti niliyonayo ni ya gari na haitamfaa baharini. Iliniuma, maana siku hiyo sikuwa nimeuza kitu.

Lakini piga hesabu. Yule wa Pangani nilimrudishia 130,000 kwa awamu mbili. Hiyo ni karibu faida ya seti tatu. Hapo sijahesabu watu aliowasimulia pale ufukweni. Sisi wa mtandaoni hatuna fremu ya duka ambayo mteja anaiona kila siku akaizoea. Tuna jina tu. Mtu wa Pangani hajawahi kufika Bendera, hajui hata kama nipo kweli. Kilichomfanya atume pesa yake ni maneno yangu. Maneno yakiwa ya uongo, sina kingine cha kumuuzia.

Tena siyo suala la roho nzuri peke yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa. Posti yako inabaki, na picha ya skrini haifutiki.

Wengine watasema kosa ni la mnunuzi, angeuliza. Mimi nasema hapana. Yeye anajua bahari, mimi najua spika, au angalau nimejitangaza kwamba nazijua. Aliyejitangaza ndiye wa kuuliza. Maswali yenyewe ni matatu tu: Inafungwa wapi? Maji ya chumvi au baridi? Umeme unatoka betri gani? Hayachukui hata dakika mbili.

Hata kama huuzi spika, hili ni lako pia. Viatu "ngozi halisi", simu "mpya kabisa", mbegu "zinastahimili ukame". Mbegu, hasa! Huku bondeni mtu akiamini posti yako, amepoteza msimu mzima.

Ile posti yangu ya zamani nimeibadilisha. Sasa inasema: "Spika za gari na boti ya maji baridi, chini ya paa. Za baharini, niulize kwanza." Haivutii kama ile ya mwanzo, lakini nalala.

Wewe je? Ni neno gani uliwahi kuandika kwenye posti huku huna uhakika nalo? Liweke kwenye komenti hapo chini. Hatuchekani.