Ubaya hauzaliwi na kabila, hata ndani ya mchezo

Kuna njia fupi ya kutengeneza adui katika mchezo. Unabuni kabila, unaandika kwamba watu wake wote wanazaliwa wabaya, kisha unampa mchezaji upanga. Hatauliza tena kitu. Njia hiyo imezoeleka katika michezo ya dunia za kubuni, ile ya kete na karatasi na ile ya simu. Vijana wa komine ya Panda, mjini Likasi, wana sababu ya kuikataa kuliko wengi, kwa sababu mji wao unajua neno "wote" linaweza kufanya nini.

Mchezo uliofungua njia ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji anachukua nafasi ya mtu wa hadithi: mpiganaji, mchawi, mwizi. Msimulizi anaeleza dunia yao, na kete zinaamua nani anashinda. Mwanzoni kila mhusika aliwekwa upande wa sheria, wa vurugu, au katikati. Mwaka 1977 wema na ubaya vikaongezwa. Tatizo ni kwamba alama hiyo ilibandikwa pia kwa makabila mazima. Orc alikuwa mbaya kabla hajafanya lolote. Vivyo hivyo drow, watu wa chini ya ardhi wenye ngozi nyeusi.

Ilipita zaidi ya miaka 40. Mwaka 2020 kampuni ya Wizards of the Coast, wenye mchezo huo, ilikiri wazi kwamba namna orc na drow walivyoelezwa inafanana na matusi wanayotupiwa watu wa kweli duniani. Ikaahidi kuwaonyesha kama jamii nyingine yoyote, yenye wema na wabaya ndani yake.

Likasi ilijifunza somo hilo kwa gharama nyingine. Agosti 1992, Conférence Nationale Souveraine ilimchagua Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, kuwa waziri mkuu. Katika jimbo lililoitwa Shaba wakati huo, Bakasai walishambuliwa. Wengi walikuwa watoto na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na Union Minière kufanya kazi migodini, na Kasai kwenyewe hawakuwahi kufika. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Likasi nyumba zao zilivamiwa, na watu kwa maelfu wakalala kwenye kituo cha treni na mashuleni, wakingoja gari-moshi la kuwapeleka wasikokujua. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa.

Hakuna mchezo uliosababisha hayo, na mtoto anayemuua orc kwenye simu haendi kesho yake kumpiga jirani. Wanaosema "mchezo ni mchezo" wana haki hapo. Wana haki pia kwamba mchezo usio na adui unachosha. Lakini tusi la bilulu na kabila la orc vimejengwa kwa ufundi mmoja: mtu anahukumiwa kwa kuzaliwa kwake, na anayempiga hadaiwi maelezo.

Tena ufundi huo unaua ubaya wenyewe. Orc aliyezaliwa mbaya hana kosa, maana hakuwa na la kuchagua. Nyoka akiuma hapelekwi mahakamani. Ubaya wa kweli unaanza pale mtu aliyeweza kumwacha jirani yake salama anapoamua kumchomea nyumba. Ndiyo sababu dawa si kusema kwamba wote ni sawa tu, mchomaji na mchomewa. Huo ungekuwa uongo wa pili. Dawa ni kuuweka ubaya kwenye tendo.

Wazee wa Katanga walilijua hilo kabla ya kete za Marekani. Katika simulizi ya Baluba, Nkongolo ni mfalme katili. Mbidi Kiluwe, mwindaji kutoka mashariki, anafika kwake na kuzaa na dada yake mtoto, Kalala Ilunga. Nkongolo anamchimbia kijana huyo shimo la mtego mahali pa kuchezea ngoma. Kalala anaponea, anakimbilia kwa baba yake, kisha anarudi na jeshi na kumshinda mjomba. Mkatili na shujaa wana damu moja. Kinachowatenganisha ni walichofanya. Na Baluba wa Kasai nao wanasimulia kwamba wazee wao walitoka Katanga.

Hata mchezo wa video unaweza kufuata njia hiyo. Aurion, uliotengenezwa na Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, na kutolewa mwaka 2016, unaanza na mwanamfalme anayepinduliwa siku ya kutawazwa na ya ndoa yake. Anayempindua ni shemeji yake. Adui ametoka mezani kwa arusi, na mchezo haukupoteza utamu.

Kijana wa Panda anayetaka kusimulia mchezo wake mwenyewe hahitaji kitabu cha bei kali. Karatasi, kete na marafiki wanne vinatosha. Kabla ya kumleta adui, ajiulize mambo matatu. Huyu alifanya nini? Angeweza kufanya vingine? Na katika watu wake, nani alimkatalia? Swali la tatu ndilo zito, maana likipata jibu, kabila zima haliwezi tena kuwa adui.

Wachezaji wataendelea kupigana, na wabaya wataanguka. Ila kila atakayeanguka atakuwa na jina na kosa lake, na jirani yake wa kabila moja atabaki nyumbani kwake.