Macho Mekundu ya Bibi

Ukitaja madhara ya moshi wa kuni kwenye baraza yoyote, hoja ya kwanza utakayojibiwa nayo ni bibi. "Bibi yangu kapikia mafiga maisha yake yote, kafa na miaka tisini." Mjadala umekwisha, mwenye hoja anarudi kusifia maharage ya kuni. Hewa chafu kwake ni ya mjini, ya daladala na viwanda. Kijijini, anasema, hewa ni safi.

Uongo. Bibi huyo anatolewa ushahidi kwa sababu alibaki hai. Watoto wake waliozikwa kabla ya kutimiza miaka mitano nani aliwauliza? Wao tuliambiwa walipigwa na baridi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa umri huo. Chembe za moshi zinazodhuru zaidi ni nyembamba mara thelathini kuliko unywele. Hupita puani na kooni bila kizuizi, zikazama ndani kabisa ya mapafu, nyingine zikaingia kwenye damu. Na mtoto yuko wapi wakati huo? Mgongoni, kafungwa kanga, pua yake ipo pale pale mama anapopuliza moto.

Tuje kwenye macho. Usukumani, ambako miti imekuwa adimu, wapo wanaopikia hata kinyesi kikavu cha ng'ombe, na moshi wake unachoma vibaya. Miaka nenda rudi ya kupika hivyo humwacha bibi na macho mekundu. Kwa macho hayo hayo vikongwe wa Shinyanga na Mwanza waliitwa wachawi, wakakatwa mapanga. Ugonjwa wa jikoni ukageuzwa ushahidi wa uchawi. Anayetumia bibi kuutetea moshi angeanza kwa kuwakumbuka hao.

Mkaa nao una watetezi wake, eti hauna moshi. Unatoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na ndiyo inayoua familia zinazolala na jiko chumbani kukwepa baridi ya Njombe na Mbeya.

Serikali ya Tanzania imejiwekea mkakati wa 2024 hadi 2034: asilimia 80 ya wananchi wapikie nishati safi. Sawa. Lakini mama lishe hununua mkaa kwa kopo, kwa pesa aliyoipata leo asubuhi, ilhali gesi anauziwa mtungi mzima. Mpaka gesi iuzwe kwa kipimo cha mfuko wake kila mahali, hotuba hazitamfikia. Kwa sasa kuna ya kufanya bila kumsubiri waziri: kuni zikaushwe vizuri, jiko litobolewe dirisha au bomba la kutolea moshi, mtoto abaki na mtu nje.

Nimegundua jambo moja: wanaosifia ladha ya kuni wengi wao ni wanaume, na husifia wakiwa barazani. Basi, bwana mkubwa, Jumamosi hii chukua kigoda, ingia jikoni, funga mlango kama kawaida ya siku za mvua, upulize moto mpaka maharage yaive. Ukitoka, njoo tumzungumzie bibi.