Freemason, uvumi wa damu na daftari la msikiti wetu

 

Ndugu Waislamu, baada ya darsa ya Alasiri hapa Milepa kijana mmoja aliniuliza iwapo inajuzu kula walima wa mtu ambaye ni Freemason. Nilipomuuliza amejuaje kuwa mtu huyo ni Freemason, akajibu kuwa jambo hilo linajulikana na kila mtu: bwana yule aliingia huku bondeni na baiskeli, na leo ana mashine mbili za kukoboa mpunga na Fuso linalopanda mlima kwenda Sumbawanga kila wiki. Nikauliza kama upo ushahidi mwingine. Haukuwapo. Wazee wawili waliokuwa wakivaa viatu mlangoni wakatikisa vichwa kumuunga mkono yule kijana, si mimi.

Swali hili lina pande mbili. Upande wa kwanza ni mfupi. Kujiunga na Freemason, ambao kwa Kiarabu huitwa al-Masuniyya, hakufai kwa Muislamu. Majmaa ya Fiqhi iliyo chini ya Rabita ya Makka ililitolea azimio jambo hili katika kikao chake cha kwanza, Shaaban 1398, yaani Julai 1978, na kulikataza kwa maneno makali. Hata majirani zetu Wakatoliki, ambao ndio wengi hapa Ufipa, kanisa lao limekataza tangu mwaka 1738, na likakariri katazo hilo mwaka 1983. Muislamu hali kiapo cha kuficha asichokijua, wala haweki imani yake sawa na kila imani nyingine chini ya jina la "Msanifu Mkuu". Hapo hapana mjadala.

Upande wa pili ndio ulionifanya nishike kalamu, kwa sababu tunalokataza hatulijui, na tunalolisema si lile lililokatazwa.

Freemason ni chama cha udugu. Loji kuu ya kwanza iliundwa London mwaka 1717, na mfano wao ulichukuliwa katika kazi ya waashi: mwanachama huanza kama mwanagenzi, kisha mwenzi wa kazi, kisha fundi. Anayeomba kuingia hupigiwa kura kwa vijiwe vyeupe na vyeusi. Waingereza walikuja na loji hizo Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, na jengo lao lipo katikati ya jiji la Dar es Salaam, mahali ambapo watu hupita mchana kweupe. Aliyekuwa kiongozi wao katika ukanda huu kwa miaka mingi, marehemu Sir Andy Chande, hakujificha. Aliandika kitabu cha maisha yake mwaka 2005, akaeleza alivyokulia Bukene mkoani Tabora. Utajiri wa familia yake haukuwa na siri yoyote: ulikuwa wa mashine za kusaga nafaka. Serikali ilipozitaifisha mwaka 1967, ikamtaka yeye mwenyewe abaki kuliendesha Shirika la Taifa la Usagishaji. Alifariki mwaka 2017.

Tazama basi mwendo wa loji hizo. Mwanachama hulipa ada yake kwa wakati. Asipohudhuria kikao hutoa udhuru, maana atatafutwa. Akifa, mjane na mayatima wake huwa ni amana ya loji. Katika vikao hawazungumzi siasa wala hawabishani dini, ili pasiwe na mfarakano. Sisemi haya kuwasifu. Nasema kwamba hayo ndiyo wayafanyayo, na hakuna hata moja kati yake ambalo Uislamu haukututangulia kutuamrisha, bila ya giza na bila ya kiapo. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliunga udugu baina ya Muhajirina na Ansari hadharani. Saad bin Rabii (R.A.) akamwambia Abdurrahman bin Auf (R.A.) achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman akamuombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Akauza samli na jibini, akatajirika. Je, lau angefanya hivyo hapa kwetu, tungesema amepata wapi?

Baadhi ya wanazuoni wakubwa walizijaribu loji hizo. Jamaluddin al-Afghani aliingia huko Cairo katika miaka ya 1870 akidhani amepata watu wa kupigania uhuru na udugu wa wanadamu, na mwaka 1878 akawa mkuu wa loji ya Kawkab al-Sharq. Muhammad Abduh alikuwa pamoja naye. Al-Afghani aliwataka washughulikie dhulma ya watawala, na hapo ndipo walipotofautiana. Kwa watu wa elimu kama wale, kosa lilikuwa la rai. Hakuna aliyewasingizia kunywa damu.

Sisi tunasingizia. Mwaka 2012 alipofariki mwigizaji kijana aliyependwa nchi nzima, kabla kaburi halijakauka watu walikwisha kusema ametolewa kafara. Matapeli nao wamekuwa wakibandika kwenye nguzo za umeme matangazo yenye namba za simu, wakiahidi utajiri kwa atakayejiunga, na watu wametuma fedha zao zikapotea. Kwa nini mtu anaamini tangazo la nguzoni? Kwa sababu kwanza aliaminishwa barazani, na pengine msikitini, kwamba mali huja kwa damu ya mtu.

Ndugu zangu, imani hiyo ina historia katika mkoa wetu, nayo ni historia ya aibu. Februari 2013 mtoto wa miaka kumi, mwenye ualbino, alikatwa mkono hapa Rukwa akirejea kutoka shuleni. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, na mwezi Machi mwaka ule ule mtoto mwingine, mdogo zaidi, akakatwa kiganja katika mkoa huu huu. Aliyeshika panga alikuwa na itikadi, na itikadi yake ilikuwa kwamba kiungo cha mwanadamu huleta mali. Anayekaa kwenye mkeka wa msikiti akasema kuwa mwenye mashine amepata mali kwa damu, hakushika panga, lakini itikadi wanashirikiana. Wote wawili wamemnyang'anya ar-Razzaq sifa Yake. Hilo linanitisha kuliko jengo la Dar es Salaam.

Na katika Suratul-Hujurat tumeamrishwa kuichunguza habari ya fasiki, aya ya 6, na kujiepusha na dhana nyingi na kusengenyana, aya ya 12. Anayemtaja Muislamu kwa kufuru bila ya ushahidi amejiingiza mahali pagumu.

Sasa nirudi kwa mwenye mashine. Alikuwa haonekani Ijumaa mbili mfululizo. Watu walisema hiyo ndiyo dalili. Mimi mwenyewe, mwalimu ninayefundisha haki sita za Muislamu kwa Muislamu mwenziwe, sikuuliza. Nilipokwenda kwake, baada ya swali la yule kijana, nilimkuta amelala kwa homa siku ya tisa, na aliyekuwa akimletea uji ni jirani yake, mama Mkatoliki.

Naiomba kamati ya msikiti, na kamati za misikiti mingine ya bondeni na ya juu Ufipa, ifungue daftari. Si la michango ya ujenzi, hilo tunalo. Liwe la majina ya wanaoswali, wajane wao, mayatima wao na wagonjwa wao, na baada ya kila Ijumaa watu wawili wapewe kazi ya kwenda kwa asiyeonekana. Zaka ya mpunga itolewe siku ya mavuno, igawiwe hapa hapa kwa kufuata daftari hilo, na hesabu isomwe mbele ya watu wote. Mtume (S.A.W.) alihudhuria mkataba wa Hilful-Fudhuul kabla ya utume, akasema baadaye kuwa lau angeitwa kwa mfano wake katika Uislamu angeitika, ulikuwa mkataba wa kumtetea aliyedhulumiwa, nao ulifungwa mbele ya watu.

Ama kijana aliyeuliza, jibu lake ni hili: aende akale walima, maana kuitikia mwaliko ni katika zile haki sita. Nami nitakuwapo, inshaallah.