Dirisha Kwanza, Pazia Baadaye



Mara nyingi, katika nyumba za askari wetu hapa Uganda, fremu ya dirisha ikianza kuoza, dawa ya kwanza ni kutundika pazia. Pazia hilo huuficha ubovu machoni pa wageni, lakini halizuii mvua wala mbu. Mbu aenezaye malaria huuma usiku, na upenyo mdogo baina ya fremu na ukuta wamtosha kupita. Hivyo watoto ndio walipao gharama ya dirisha bovu.

Kazi hii yataka siku za jua. Kusini mwa nchi mvua nyingi hunyesha Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Basi Januari, Februari, Juni na Julai ni miezi mizuri. Ikiwa nyumba ni ya serikali, mwarifu kwanza mhusika wa nyumba za kambi.

Dunga mbao kwa ncha ya kisu, hasa pembe za chini ambako maji hutuama. Pale kisu kinapozama bila nguvu, pameoza. Ukiona vijia vya udongo ukutani, adui ni mchwa; fuata vinakotoka ukamwangamize huko, ama sivyo ataila hata mbao mpya.

Kata sehemu mbovu kwa msumeno mpaka ufikie mbao nzima. Mkato uinamie nje, ili maji yateremke yasiingie kwenye kiungo. Chonga kipande cha mvule mkavu chenye unene uleule, kwani mvule hauliwi upesi na mchwa, kisha ukiunge kwa gundi isiyoyeyuka majini pamoja na skrubu 2. Ziba upenyo wa ukutani kwa sehemu 1 ya saruji na 4 za mchanga.

Tahadhari na rangi kuukuu: huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa watoto. Waondoe watoto, lowesha msasa unaposugua, na ukusanye vumbi lote. Paka rangi ya mafuta mara 2, ukiiacha ya kwanza ikauke kabisa. Mwisho, pigilia wavu wa mbu.

Sasa tuje kwenye pazia. Pazia la mafunjo hukinga jua na kupitisha hewa. Ubao wa kulishikia uzidi upana wa dirisha kwa sentimita 10 kila upande. Usiupigilie kwenye fremu. Toboa ukuta, shindilia vijiti vikavu matunduni, ndipo ukaze skrubu, ukihakikisha kwa pimamaji kwamba ubao haukwenda upande.

Kamba ya kuvutia pazia isiwe na kitanzi, maana mtoto mdogo aweza kunyongwa nacho. Kata kitanzi hicho, na kamba uifunge kwenye kulabu iliyo juu ya sakafu kwa sentimita 150 au zaidi. Kitanda cha mtoto nacho kisogezwe mbali na dirisha.

Askari huhamishwa, nyumba hubaki. Familia itakayokufuata haitamjua aliyelitengeneza dirisha hilo, lakini watoto wake watalala chini ya kinga yako. Kwa hiyo kila Februari, kabla mvua hazijaanza, chukua kisu ukazipime tena pembe zile za chini.