Kaunti ilipe wachoraji wa kuta za mitaani

Anayesema kwamba mitaa yetu ya kipato cha chini haina haja ya michoro ukutani hajazitazama kuta zenyewe. Zilikwisha kuchorwa zamani. Kuanzia Kawangware hadi Kayole jijini Nairobi, duka baada ya duka limepakwa rangi ya kampuni ya simu, ya soda, ya sabuni ya unga au ya saruji. Nembo inachukua ukuta mzima, na jina la mwenye duka linabanwa juu ya mlango kwa herufi ambazo aliye ng'ambo ya barabara hawezi kuzisoma. Makubaliano yenyewe ni mepesi: kampuni inaleta rangi na fundi, mwenye duka anapata ukuta safi bila kutoa hata shilingi, na mtaa mzima unapata tangazo ambalo hakuna aliyeuuliza kama unalitaka. Mwenye duka simlaumu, maana rangi ni ghali na ukuta mchafu hufukuza wateja. Ila mjadala wa sanaa ya mtaani uanzie hapo. Kuta zitachorwa tu. Linalobaki ni nani aamue kinachochorwa, na nani alipwe.

Msimamo wangu ni kwamba kazi hiyo apewe mchoraji anayeishi mtaani humo, na kaunti imlipe ujira kamili. Si suala la kipaji. Wapo mahodari kutoka mbali wanaowashinda wa hapa. Ni kwamba mchoraji wa mtaani hana pa kujificha. Kesho asubuhi atapita mbele ya ukuta wake akienda kutafuta maji, na yeyote aliyekerwa atamsimamisha palepale amweleze. Ushahidi mzuri upo Kibera. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini Kenya. Kibera kwenyewe Soko la Toi liliteketezwa na reli ikang'olewa. Katika siku hizo Solomon Muyundo, mkazi wa Kibera anayejulikana zaidi kama Solo7, alichukua brashi na rangi nyeupe akaanza kuandika maneno ya kuomba amani kwenye mabati, malango na kuta, hata kwenye magofu ya majengo yaliyochomwa. Herufi zilikuwa kubwa, zisizo na madoido. Msemo wake mmoja uliiteka lugha ya mabango ya kumsaka mhalifu: pale ambapo mtu husakwa akiwa hai au maiti, yeye alitangaza kwamba inayosakwa ni amani, na inatakiwa ikiwa hai.

Sidai kwamba brashi ndiyo iliyozima moto. Mapatano ya kukomesha ghasia, ya Februari 28, 2008, yalitiwa saini Harambee House, ofisini kwa rais, na walioketi kuyajadili hawakuwa wachoraji. Lakini sioni namna mtu wa kutoka nje angeyaandika maneno yale wiki zile bila kudhaniwa ametumwa na upande fulani. Aliyeyaandika alikuwa jirani mwenye jina na mlango unaojulikana, akijiweka hatarini sawa na wasomaji wake.

Mwaka mmoja baadaye, 2009, alikuja Kibera msanii Mfaransa JR, akafunika mapaa kwa turubai za picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa mtaa ule, eneo la mita za mraba zipatazo 2,000, na nyingine akazibandika kwenye mabehewa ya treni. Ilikuwa kazi nzuri, na turubai zile hazikupitisha maji, kwa hiyo nyumba kadhaa zilipata kinga ya mvua. Ni michoro michache mno inayoweza kujisifu hivyo. Hata hivyo picha ya juu ya paa hupendeza ikitazamwa kutoka juu au kwa mbali. Anayelala chini ya paa halioni paa lake. Haikuwa dhambi, ila kazi ya namna hiyo, hata ikiwa ya heshima kiasi gani, haiwezi kujaza nafasi ya ukuta ambao watoto wanaupita kila siku wakienda shule.

Pingamizi zito ni la tumbo na koo: watu hawana maji wala vyoo, nanyi mnataka rangi? Lingekuwa na uzito zaidi kama fedha za michoro zingelazimika kuchotwa kwenye mabomba. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti udhibiti wa matangazo ya nje, na kipengele kinachofuata papo hapo kinazikabidhi shughuli za utamaduni na burudani ya umma. Kaunti ya Nairobi imekuwa hodari kwa hilo la kwanza. Inatoza ada za mabango na matangazo, na hilo la pili limeachiwa wafadhili. Mhasibu atanijibu kwamba shilingi ni shilingi, na hata hiyo ya mabango ingeweza kununua bomba. Kweli. Lakini inatokana na macho ya wakazi hawa, na wao hawajawahi kurudishiwa chochote kinachoonekana. Sehemu ndogo ya ada hiyo ingetosha kulipa mchoraji na vibarua wake katika kila wadi bila kuugusa mradi hata mmoja wa maji.

Wapo pia wanaosema kwamba rangi hufunika umaskini ili wageni wapate pa kupigia picha. Onyo hili nalichukua kwa uzito kuliko wanavyodhani. Mwaka 2015, katika mtaa wa Palmitas mjini Pachuca, Meksiko, nyumba 209 zilipakwa rangi zikawa mchoro mmoja mkubwa mlimani, na habari zikaenea duniani kwamba uhalifu umepungua kwa sababu hiyo. Sitaiuza hoja hiyo hapa. Anayeahidi kwamba rangi itapunguza wizi ajiandae kuulizwa mwaka ambao wizi utapanda. Mchoro hauponyi kipindupindu wala hauleti ajira elfu. Unaupa mtaa sauti yake mahali ambapo sasa hivi anayesema ni muuza sabuni peke yake, na kwangu hilo linatosha kulipiwa.

Je, wakichora matusi au siasa? Siasa watachora, na Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa huku kikikataa uchochezi na chuki. Mwaka 2012 wachoraji, wakiwa na mpigapicha Boniface Mwangi, walichora ukutani katikati ya Nairobi mwanasiasa kwa sura ya tai aliyevaa suti. Wakubwa walikereka, Jamhuri haikuanguka. Kuhusu matusi, dawa ni baraza. Mjini Philadelphia, Marekani, mpango wa michoro ulioanza mwaka 1984 ndani ya kampeni ya kupambana na uchafuzi wa kuta umezaa maelfu ya kazi, na mchoro hujadiliwa na wakazi kabla ya brashi kugusa ukuta. Chifu na mwakilishi wa wadi wakae barazani kama wasikilizaji, wasije na picha yao mfukoni.

Malipo nayo yapangwe na mtu anayeijua kazi. Desturi ya kumpa msanii makopo ya rangi na kumwambia atapata jina ikome. Fundi wa mtaro halipwi kwa sifa. Nusu ya kazi haionekani: kukwangua rangi kuukuu, kupiga msasa, kuziba nyufa, kupaka rangi ya chini ili kutu ya mabati isipenye, kisha kugawa ukuta kwa miraba ya chaki ndipo umbo lihamishwe kutoka karatasini. Nyekundu ndiyo hupauka mapema juani, na sehemu ya chini ya ukuta, inayorushiwa matope, hubambuka masika ya kwanza. Mkataba unaokwisha siku mheshimiwa anapokata utepe unalipia picha ya gazetini tu. Uandikwe wa miaka miwili, na awamu ya mwisho ya fedha itolewe baada ya mchoraji kurudi kukarabati pale palipobambuka.