Msikiti uliobaki gofu na msikiti wenye waumini

Nani aliyeamua kwamba jengo la Mtanzania huwa la kale likiwa limejengwa kabla ya 1863? Ndivyo isemavyo Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964: lililotangulia mwaka huo linalindwa papo hapo, la baadaye lingoje tangazo la waziri.

Kwa kipimo hicho mtaa wa Shangani, Mtwara, hauna kitu, maana Mtwara mjini kwenyewe ni mzao wa karanga. Waingereza walipoanzisha mradi wao wa karanga mwaka 1947 walitaka bandari yenye kina, wakaiacha bandari ya zamani ya Mikindani. Mradi ukafa baada ya miaka michache, bandari ikabaki, na Mikindani ikabaki na kuta.

Boma la Mikindani, la mwaka 1895, nalo limechelewa. Limenusurika kwa sababu kila aliyeshika madaraka alilipatia kazi: Mjerumani alilitumia kutawala, Mwingereza akalirithi, na baadaye shirika la hisani kutoka Uingereza, Trade Aid, likaligeuza hoteli. Sina ugomvi na hoteli. Afadhali mgeni kuliko popo. Ila linasemwa sana jengo la mtawala, huku nyumba nyingi za matumbawe na chokaa za wenyeji zikimomonyoka jirani yake.

Kanisa Katoliki la Mtakatifu Paulo, Majengo, Mtwara, lina kuta zilizojaa michoro ya Biblia ya Padri Polycarp Uehlein, Mbenediktini kutoka Ujerumani, aliyeichora miaka ya 1970, Ujamaa ukiwa umepamba moto. Kwa hesabu za 1863 ni kanisa la jana tu.

Serikali zetu zinajua kuhifadhi msikiti usio na mtu wa kuswali. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia 1981, yakawekwa katika orodha ya hatari 2004, yakatoka 2014 baada ya kazi ya kweli. Lakini msikiti wenye waumini unaachiwa kamati yake, nayo, paa likivuja, hununua saruji, kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. Saruji juu ya ukuta wa matumbawe hufungia unyevu ndani, na ukuta huoza taratibu.

Kukataza saruji tu ni uonevu. Manispaa ya Mtwara-Mikindani ingeanza na tanuri la chokaa na mafundi wanaolipwa, kisha ndipo izungumzie katazo.