Taka za Marikiti na Njaa ya Mashamba

Soko la Marikiti, lililojengwa mwaka 1914 ukingoni mwa Mji wa Kale wa Mombasa, hupokea ndizi, kabichi na maembe kutoka mashambani. Jioni husalia maganda, majani na matunda yaliyooza. Vitu hivyo vilitoka katika udongo. Yafaa virudi katika udongo.

Kwa miaka mingi taka za kisiwa zilitupwa Kibarani, kando ya bahari. Jaa hilo lilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 2010, magari yalielekezwa Mwakirunge, upande wa Kisauni. Safari imekuwa ndefu, na taka za sokoni sehemu yake kubwa ni maji. Basi fedha za wenyeji hununua mafuta ya kuchukulia maji hadi jaani, na huku mkulima wa udongo wa mchanga analia kwa kukosa mbolea.

Dawa yake yajulikana tangu zamani. Mwingereza Albert Howard, aliyefanya kazi Indore, India, hadi mwaka 1931, alionyesha kwamba majani na samadi vikipangwa tabaka kwa tabaka, vikatiwa maji na kugeuzwa vipate hewa, huwa mbolea kwa muda wa miezi mitatu hivi. Rundo hupungua sana, na uzito wake pia.

Kwa hiyo mpango mwema ni huu: taka mbichi zisafiri karibu, mbolea isafiri mbali. Kiwanja cha kuozeshea kiwe barani, ng'ambo tu ya Makupa au Daraja la Nyali. Malori hayapenyi vichochoro vya Mji wa Kale. Mikokoteni ikutane nayo mahali pamoja, kwa saa iliyowekwa. Malori ya mboga yanayorudi bila shehena yapakie mbolea.

Lakini yote huharibika taka zikichanganywa. Mkulima akikatwa mguu na kigae cha chupa mara moja, hatanunua tena. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 inaagiza taka za kuoza zitengwe na nyinginezo. Kazi hiyo huanzia jikoni na mezani pa mchuuzi, si jaani.

Tena kila mkokoteni upimwe na kuandikwa, maana taka za msimu wa maembe si sawa na za misimu mingine. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na taka hizi ni mali.